Vijiguu vya Jina la Maige

Salome ndiye aliyemleta fundi Donatus kutoka Kharumwa mpaka Didia aandike kaburi la baba yake, na njia nzima alimsifia mkono wake. Donatus huandika vibao vya hatari kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na maandishi yake husomeka hata vumbi likitimka. Lakini asubuhi ya misa ya kubariki kaburi, mama yake Salome, Vumilia, alilitazama lile jiwe la sementi mara moja tu, akaligeuzia mgongo.

"Padre asibariki hili," alisema. "Mmemtoa Maige duarani, halafu mmemrudisha."

Salome akatazama. Kweli tupu! MAIGE: herufi nene, nyekundu, kavu, hazina pambo. Ndizo zile zile za kibao cha HATARI kilichosimama mdomoni mwa duara lililomfukia baba mwaka jana. Yeye anayeuza chakula pale machimboni huzipita kila siku na masufuria yake, hakuona kitu. Mama alifika pale siku moja tu, kuutambua mwili, na hakuzisahau.

Wageni walishaanza kuketi.

Donatus hakununa, ingawa wapo mafundi ambao wangenuna wiki nzima. "Nisamehe, mama," alisema. "Wewe unataka herufi za namna gani?"

"Za kitabu cha nyimbo cha kanisani. Zenye vijiguu, vile vistari vya kwenye ncha."

"Umesema kweli, mama. Hizi kavu kazi yake ni kumfokea mtu akae mbali. Zenye vijiguu zimetulia, kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu."

Akazipunguza unene kwa rangi nyeupe, akazipitia kwa nyeusi, kisha kwa brashi nyembamba akaanza kuweka vistari. M ikapata vijiguu, A ikapata vyake, I ikawekewa juu na chini. Jina ni lile lile, ila sasa halipigi kelele. Salome alijiziba mdomo kwa kanga, machozi yakimtoka. Alimshukuru Mungu kwa fundi asiye na kiburi, na kwa mama mwenye jicho ambalo yeye hakuwa nalo.

Vumilia akainama, akasoma taratibu, kidole kikifuata hewani ili asiharibu rangi. "Ma-i-ge." Akamgeukia fundi, akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mwanangu. Wabeja kulumba. Sasa amefika nyumbani."

"Asante, mama."

"Hapo chini pameachwa nafasi. Nami uniandikie hizi hizi, nikae naye."

"Aa, mama! Kazi hiyo usinipe."

"Kwani nimesema leo?" Vumilia akajibu, akajifunga kanga vizuri, akaenda mwenyewe barabarani kumpokea padre.