Picha Thelathini na Sita za Yerusalemu

Mwaka wa 1957, miezi michache kabla ya Pasaka, hapakuwa na mtu Nakuru nzima aliyejisikia kuliko mimi, na sioni haya kusema hivyo. Kanisa letu lilikuwa limepata nafasi tatu katika kundi la Wakristo kutoka Nairobi waliokuwa wakienda kuhiji Yerusalemu kwa siku nne. Moja ilikuwa ya Mzee Nicodemus, mwenyekiti wa kamati. Ya pili ilikuwa ya Mama Chepkemboi, kiongozi wa kina mama. Ya tatu ilikuwa ya mpiga picha, na mpiga picha, kwa watu wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na mitaa yote ya jirani, alikuwa mimi, Joash Owino.

Jina langu lilivuma kwa sababu ya nyuso. Kwingine ungepigwa picha ukatoka macho na meno tu, mengine yote giza. Kwangu, uso wa mtu mweusi ulitoka uso. Bibi arusi aliona vishimo vya mashavu yake, mzee akaona mikunjo yake yote na kulalamika. Watu walitoka Subukia na Njoro, wakapita studio mbili tatu njiani, wakaja kwangu. Nikiulizwa siri yangu, nilijibu kwamba ni jicho. Mke wangu Truphosa, ambaye kazi yake ilikuwa kusafisha filamu na kuchapa picha kwenye chumba cha giza nyuma ya blanketi, alilisikia jibu hilo miaka minane na hakusema neno.

Basi nikaanza kupanga safari. Nilikuwa na filamu tatu, kila moja picha kumi na mbili, jumla thelathini na sita, na kanisa zima lilikuwa na maoni juu ya kila moja. Wazee walitaka malango ya mji. Kina mama walitaka bustani ya Gethsemane. Na wote walitaka mtu wetu asimame mbele, uso uonekane na miguu yote miwili ionekane, maana ukuta mtupu hata kalenda za dukani zinao. Niliandika orodha, nikaifuta, nikaiandika tena. Nilitembea mjini na karatasi hiyo mfukoni nikitamani mtu aniulize ni ya nini.

Aliyeniharibia raha ni fundi mmoja wa reli aliyekuwa askari huko wakati wa vita. Alituambia kwamba mji ule wote ni mawe meupe, na jua likiyapiga unafumba macho. Mzee Nicodemus, mtu asiyependa kubahatisha, akasema twende kwanza Kariandusi, karibu na Gilgil, kwenye machimbo ambako mlima wenyewe ni mweupe kama unga. Nikipiga picha nzuri pale, nitapiga Yerusalemu. Nikishindwa, kuna mpiga picha wa Nairobi anayeitaka nafasi hiyo.

"Mzee, hiyo ni kazi ndogo," nilimwambia.

Alitupeleka na lori lake la mahindi. Nilimsimamisha yeye na Mama Chepkemboi mbele ya ukuta mweupe, saa sita kamili, nikapiga kama nilivyozoea studioni: polepole, ili uso upate mwanga wa kutosha. Picha ilipotoka, nyuso zilikuwa safi, lakini ukuta haukuwepo. Hakukuwa na mwamba, mstari wala kivuli. Wawili wale walikuwa wamesimama hewani.

Mzee Nicodemus aliigeuza mara mbili. "Ndugu Owino, tumekutuma Yerusalemu. Wewe umetufikisha mbinguni moja kwa moja."

Kamati ilicheka mpaka nikaona aibu. Nikaenda tena wiki iliyofuata, safari hii nikapiga upesi. Truphosa aliposafisha filamu nilimpokonya ikiwa bado mbichi, nikaiangalia kwenye dirisha. Mwamba ulikuwa umetoka vizuri na alama zote za sururu, lakini mahali pa nyuso palikuwa karibu patupu, na hapo nilijua kwamba kwenye karatasi zitatoka nyeusi tii, maana palipo patupu kwenye filamu hutoka peusi kwenye picha.

"Basi imekwisha," nikasema. "Waite huyo wa Nairobi."

"Bado sijachapa, Baba Apiyo," alisema Truphosa. "Nenda kwa wateja."

Sikwenda. Kwa kawaida, yeye akichapa, mimi huwa mbele nikiwapanga watu na kuwarekebishia tai. Siku hiyo nilikuwa nimenuna, nikaingia naye ndani nikaegemea ukuta. Aliwasha taa nyekundu, akaweka karatasi chini ya mashine ya kukuzia picha, akafungua mwanga. Kisha akaingiza mkono wake katikati ya mwanga na karatasi, akakunja vidole viwili mpaka kivuli chake kikatosha uso wa Mzee Nicodemus tu. Akawa anautikisa mkono polepole, midomo ikihesabu. Halafu akahamia kwa Mama Chepkemboi. Karatasi ilipoingia kwenye dawa, mwamba ukatokea, na mbele ya mwamba zikatokea nyuso mbili, kila moja na mwenyewe ndani yake.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimekinga. Mahali mkono unapokinga mwanga hapawi peusi sana."

"Umejifunza lini?"

Akaisuuza picha kabla ya kunijibu. "Tangu tufungue. Nyuso zako huwa giza kidogo, Baba Apiyo. Mimi huzitoa."

"Zote?"

"Hapana, si zote," alisema, na nikajua ananihurumia.

Nilikasirika, nisifiche. Kwa siku mbili nilimjibu kwa kichwa tu. Nilizitazama picha zilizoning'inia ukutani, maarusi, makarani na watoto wa ubatizo, na katika kila uso nikaona vidole vya mke wangu. Miaka minane nimekuwa nikijisifia jicho! Siku ya tatu hasira ilichoka, na chini yake nikakuta kitu kingine ambacho sikukitarajia. Nilikuwa najivuna. Mwanamke yule alikuwa amejifunza peke yake, gizani, kazi ambayo wapiga picha wa Nakuru nzima walishindwa kuielewa, na alikuwa mke wangu.

Jumamosi nilimpandisha kwenye lori la Mzee Nicodemus, tukaenda Kariandusi mara ya tatu, nikamkabidhi kamera. "Piga wewe," nikasema. Hakuuliza kwa nini. Aliwaondoa watu ukutani, akawasogeza hatua sita mbele, mahali ambapo weupe wa chini uliwarudishia mwanga usoni. Akasema saa sita haifai, tungoje saa kumi. Tukangoja, Mzee Nicodemus akilalamika juu ya mahindi yake. Saa kumi Truphosa akapiga picha moja tu, akafunga kamera.

Picha hiyo aliichapa bila kuweka mkono. Haikuhitaji.

Jumapili baada ya ibada niliipeleka mbele ya kamati. Waliipitisha mkono kwa mkono, wakihesabu mistari ya mwamba, na Mama Chepkemboi akasema hajawahi kujiona vizuri hivyo hata kwenye kioo.

"Ndugu Owino, funga mzigo," alisema Mzee Nicodemus. "Yerusalemu ni yako."

Ningeweza kunyamaza. Truphosa alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, na nilijua asingesema kitu, kama alivyokuwa hajasema kitu miaka yote. Orodha yangu ilikuwa mfukoni. Nilitaka kwenda. Nilitaka sana.

"Hii picha si yangu," nilisema. "Ni ya Mama Apiyo. Na zile mnazonisifia, nyuso zote hizo, yeye ndiye aliyezitoa. Mkinituma mimi, mtapata ukuta ama mtapata watu. Mkimtuma yeye mtapata vyote."

Mzee mmoja akaanza kusema juu ya mwanamke kusafiri. Mama Chepkemboi akamkata: "Kwani mimi ninaenda kama nani?"

Wiki iliyofuata tulikwenda kuombea Truphosa pasipoti. Karani, kijana mpole aitwaye Kiplangat, alijaza fomu bila kuinua macho: jina, mahali alipozaliwa, urefu. Alipofika kwenye kazi alitaka kuandika mwenyewe, mke wa nyumbani, kama alivyowaandikia wengi.

"Ngoja," nikasema.

Lakini Truphosa alikuwa amekwisha kuinamia meza. "Andika mpiga picha," alimwambia, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia dukani kwetu.

Kiplangat alinigeukia mimi, mwanamume, kuuliza kama ni kweli.

"Wa Nakuru nzima," nikamwambia. "Andika kwa herufi kubwa."