Bafu la Fungate

Jaha alivua ndara, akakusanya buibui lake mkononi, akapiga magoti juu ya kigae katikati ya duka la watu.

"Bi Jaha, inuka tafadhali," alisema Salman, mwenye duka, huku akitupa jicho mlangoni. "Mtu akipita atadhani nimefungua msikiti. Kigae huchaguliwa kwa macho."

"Kwa macho wachague wa kukitazama. Mimi ni wa kukisugua."

Akahamisha uzito kutoka goti la kulia hadi la kushoto, akasikiliza. Miaka kumi na tisa alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli kubwa ya ufukweni hapo Malindi, vyumba kumi na vinne kwa siku. Kila chumba kina bafu, na hakuna bafu hata moja lililomjua Jaha kwa sura. Yote yalimjua kwa magoti. Alijua kigae kipi huuma baridi mpaka kwenye mfupa. Alijua kipi hunywa povu la sabuni na kugeuka manjano kama jino la mvuta tumbaku. Na alikijua kile kinafiki, kinachokuchekea kikiwa kikavu, ukikitia maji kinakubwaga.

"Basi chukua hivi vyeupe," Salman alisema. "Ndivyo vya mahotelini."

"Nivijue visinijue? Hivyo ni vimbeya. Unywele mmoja ukianguka vinatangazia mji mzima."

Salman, ambaye alishauzia watu wagumu zaidi, akamwongoza nyuma ya duka kwenye mbao za plastiki za kubandika ukutani, zilizochorwa mishipa ya marumaru. Hazitaki saruji, akamwambia, wala fundi. Unazibandika asubuhi, jioni unaoga. Jaha akazigonga kwa kifundo cha kidole. Zikalia kama debe tupu.

"Nyuma ya hizi mende watafanya harusi kabla ya mwanangu."

"Kumbe kuna harusi!"

"Ruqaiya," alisema Jaha, na jina lile likamtoka kinywani kama mtu anayeweka chombo cha kioo mezani. "Anaolewa na Uweis, yule wa nyumba ya ghorofa kule Shela."

Salman hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwao, bwana harusi huingia kwa mkewe, na siku saba za fungate huzikaa humo humo: akala, akalala, akaoga, akatumikiwa kama sultani asiye na kodi. Na Jaha alikuwa na sebule ya kupendeza mtu, na kitanda cha besera, cha nguzo nne na paa la kitambaa, alichorithi kwa bibi yake. Lakini bafu lake lilikuwa na sakafu ya saruji iliyobabuka, pipa na kata, na mlango wa bati uliokuwa ukipiga kelele kila mtu akiingia, kana kwamba unamshitaki.

"Sebuleni mkwe hutazamwa," alimwambia Salman. "Bafuni, akishafunga mlango, ndipo naye huitazama nyumba ya watu."

Alichagua vya ukutani vya rangi ya tui, na safu moja ya vile vyenye kikonyo cha asumini, ipite usawa wa kifua. Vya sakafuni alivitafuta asubuhi nzima. Mwishowe alipiga magoti juu ya kimoja cha kijivu, kikavu, chenye mikwaruzo kama ulimi wa paka, akahamisha uzito, goti kwa goti.

"Hiki," alisema. "Hiki kinamshika mtu mguu."

*

Fundi angemaliza kwa siku tatu. Jaha hakumtaka. Alitaka kila kigae kipite mikononi mwake, na isitoshe kazi aliijua: mwaka hoteli ilipobadilishiwa mabafu, miezi miwili alikuwa akifagia nyuma ya mafundi, nao, kwa kuwa hakuna anayemficha siri mwenye ufagio, walimfundisha yote bila kujua.

Msaidizi wake alikuwa Kahonzi, msafishaji mwenzake, mama wa Kigiriama asiyejua kunyamaza. Siku zao za mapumziko walichanganya saruji kwenye karai, wakapanga vigae kuanzia chini, na baina ya kigae na kigae wakachomeka vile vimsalaba vidogo vya plastiki ili nafasi zilingane.

"Ai, Mulungu wangu!" Kahonzi alisema, akirudi nyuma kutazama ukuta. "Sisi kanisani tuna msalaba mmoja tu. Bi Jaha una mia mbili bafuni!"

"Itatolewa kabla ya mkwe kuingia."

"Usiitoe yote. Mmoja uache, umlinde mkweo na mama mkwe."

Wakacheka mpaka Kahonzi akaketi juu ya ndoo, ndoo ikapasuka, wakacheka tena upya.

Sakafu ndiyo iliyowanyamazisha. Sakafu ya bafu haitakiwi kunyooka. Huinama kidogo kuelekea kwenye tundu la maji, kama mtu mwenye adabu anayepisha wakubwa. Jaha alichukua ndimu jikoni, akaiweka mlangoni, akaiachilia. Ikabingirika ikaenda kugonga ukuta. Akang'oa vigae vitatu kabla saruji haijashika, akavilaza upya, ndimu ikaenda kusimama kwenye kona, imenuna. Akang'oa tena. Mara ya tatu ndimu ilisita, ikazunguka kidogo, kisha ikashuka polepole moja kwa moja hadi tunduni, ikatulia.

Kahonzi alipiga kigelegele. Jaha alijifuta uso kwa kiwiko. Saruji ikambaki kwenye nyusi, akawa kama bibi yake mwenyewe.

*

Ruqaiya alifika kutoka Mombasa siku kumi kabla ya harusi. Huko alikuwa karani wa ofisi ya mizigo, na mwendo wake ulishakuwa wa huko. Alimkuta mamake juu ya stuli, amebakiza vigae vinne vya asumini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu uingie, ukanyage. Wewe ndiwe wa kwanza."

Ruqaiya alisimama kizingitini. Hakuvua.

"Pazuri," alisema.

"Pazuri ni pa kukanyagwa. Ingia basi."

"Mama, kina Uweis wamechukua chumba. Cha fungate. Hotelini."

Mwiko wa saruji ulikuwa hewani. Jaha aliushusha pole, asije akadondosha kitu juu ya sakafu.

"Hoteli gani?"

"Pale... pale kwenu."

"Nambari ngapi?"

"Sijui, Mama. Kile cha juu, cha kutazama bahari."

"Thelathini na mbili," alisema Jaha. "Bomba lake la maji moto huchelewa. Usiingie kwa haraka, yaache yatiririke kwanza."

Ruqaiya alianza kulia pale pale, kwa namna ya watu waliokwisha kulia njiani. Mamake Uweis, alisema, alimwuliza mama yako hufanya nini hotelini, naye Ruqaiya akajibu kwamba yuko ofisini. Msimamizi. Neno lilimtoka tu, na likishatoka halirudi. Fungate ingekuwa hapa, wifi zake wangekuwa wanakuja kila asubuhi, siku saba, na majirani hawa wanavyosema...

"Wangeona nini?" Jaha aliuliza. "Bafu hili?"

"Wangeona kila kitu, Mama." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na wiki ile uombe likizo. Nakuomba. Uweis akitoka akakukuta kwenye ujia na—"

Hakumaliza. Mamake akammalizia.

"Na brashi ya choo. Si kitu! Kila msimamizi na bakora yake."

Akacheka. Maisha yake yote Jaha alikuwa akivuka mito kwa kicheko: alicheka mumewe alipokwenda Dubai mwezi mmoja akakaa miaka kumi na mitano, alicheka alipopewa sare ya kwanza ikamfika vifundoni. Lakini bafu jipya lina mwangwi. Kicheko kile kilizunguka kuta nne, kikapita juu ya asumini, kikamrudia mwenyewe kikiwa peke yake.

"Nenda ukale, mwanangu," alisema. "Kuna wali jikoni."

Kisha akageukia ukuta, akavibandika vile vigae vinne vilivyobaki. Saruji ikishachanganywa haimngoji mtu alie.

*

Likizo aliomba, akapewa, ianze siku ya harusi. Siku moja kabla, alibadilishana vyumba na Kahonzi, akachukua thelathini na mbili.

Alikisafisha chumba kile kama anayemwogesha mtoto. Alifungua bomba mpaka maji moto yakakubali kuja. Alichomeka asumini chini ya mito. Udi hakuweza kufukiza, king'ora cha moshi kingeita hoteli nzima. Bafuni alipiga magoti juu ya vile vyeupe, akavisugua, akavifuta, akavitia maji kidogo, akavijaribu kwa wayo. Vinafiki vile vile.

Akatoa kwenye kikapu kizulia alichokishona kwa mkono kwa ajili ya bafu lake: taulo kuukuu za hoteli, tabaka mbili, upindo wa leso ya kijani. Akakitandika mahali mtu anapotua mguu akitoka kuoga.

"Mkubwa akiona kitu si cha hoteli?" Kahonzi alinong'ona mlangoni.

"Mwambie msimamizi ameagiza."

Kahonzi akauvuta mlango, akasimama nje kulinda ujia.

Harusi ilipita, na Jaha alicheza, akapiga vigelegele, akamvisha mwanawe mikufu, akakumbatiwa na mama mkwe aliyemwuliza, "Kazi za ofisini haziwachoshi?" Akajibu kwamba kinachochoka ni magoti, kwa kukaa. Wakacheka wote wawili.

Kisha nyumba ikanyamaza. Vimsalaba vilishatolewa, nyufa zilishazibwa, mlango mpya ulifunguka bila kumshitaki mtu. Jaha alioga uani, nyuma ya pazia la kanga, kwa pipa na kata. Mle ndani hakuingia. Alisema moyoni kwamba anaacha saruji ikauke sawasawa, na saruji ilikuwa imekauka zamani.

Siku ya nne, alasiri, Kahonzi akabisha hodi, kikapu mkononi. Ndani ya kikapu mlikuwa na kizulia.

"Amekupa Ruqaiya?"

"Sikumwona. Nilikikuta nje ya mlango wao, chini. Taulo zao zilikuwa kando. Hiki peke yake."

"Kimetupwa?"

"Hapana, Bi Jaha. Kimekunjwa."

"Kimekunjwa vipi?"

"Mara nne. Pembe kwa pembe."

Hivyo ndivyo Jaha alivyomfundisha Ruqaiya kukunja, angali mdogo, taulo ikiwa ndefu kuliko yeye. Jaha alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito. Akakibana kidogo baina ya viganja, vidole vikalowa.

"Kina maji," alisema.

"Kina maji."

"Basi alikikanyaga."

Kahonzi alitazama uani, akasema aende akaanue nguo zake, ingawa siku hiyo hakuwa amefua. Jaha alibaki amesimama, kisha akavua ndara, akafungua mlango wa bafu, akakitandika kizulia kwenye kizingiti kwa ndani, upindo wa kijani ukielekea kuoga. Akakusanya kanga yake, akapiga magoti juu yake.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha maji yakajitokeza chini ya upindo, uzi mwembamba, yakasimama kwenye ufa wa kwanza kama mgeni aliyesahau njia. Yakajaa kidogo. Yakainama, yakavuka kigae cha pili, na cha tatu, yakazunguka pale pale ilipozunguka ndimu, yakashuka polepole kuelekea tunduni.