Chiriku wa Chumba cha Kimya

1.

TANGAZO
Ndani ya chumba hiki ni marufuku kuongea, kuimba au kucheka. Makinda wa chiriku wanaolelewa humu hawatakiwi kusikia sauti ya kiumbe yeyote.
Dkt. Kokushubila Rwegasira, Mtafiti Mkuu

2.

Kwa nini? Msomaji, chiriku hazaliwi na wimbo. Anausikia kwa baba yake, anauhifadhi ubongoni, kisha anabwabwaja kama mtoto mchanga, akijisikiliza na kujisahihisha mpaka koo litii. Asiye na wa kumsikiliza huimba ovyo. Hilo ndilo Dkt. Kokushubila, au Koku, alilotaka kulithibitisha, na uhai wa maabara yake ulitegemea jaribio hilo.

3.

fi

fiii

fiii-fi-uuu

4.

Chiriku wa kizimba cha dirishani. Koku aliutambua wimbo. Ule ulikuwa mluzi wa marehemu baba yake, aliokuwa akiitia ng'ombe kule Karagwe. Nani kauleta huku maabara, Morogoro?

Mkono wake ulikuwa ukibadilisha maji ya ndege. Midomo yake ilikuwa imejikunja kupiga mluzi, bila kujijua.

Yeye.

5.

Kwenye simu, mama yake hakushangaa. Kwao mwanamke akipiga mluzi anaita nyoka nyumbani.

"Baba yako hakukufundisha, Koku. Ulimsikia tu. Nami nilikukataza weee, mpaka nikachoka."

6.

Angeweza kunyamaza. Aliliandikia jopo linalosimamia utafiti ukweli wote.

7.

(Kwenye korido)
— Kavunja tangazo lake mwenyewe.
— Mganga hajigangi.

8.

YAH: KUFUNGWA KWA CHUMBA
Jaribio limeharibika. Jopo litafika kukabidhiwa funguo na kusaini hati ya kufunga.

9.

Walifika. Profesa Mgonja, mwenyekiti wao, alikuwa ameshaitoa kalamu asaini, ndege wa dirishani akaanza mluzi ule. Akasikiliza hadi mwisho.

"Dume huyu ana kipaji," alisema.

Alisema dume kwa sababu vitabu vyote vya maabara ile vilisema hivyo: jike wa chiriku hawa ana sehemu ndogo mno ya wimbo ubongoni, basi hukaa kimya. Koku alikuwa na majibu ya kipimo cha damu cha jinsia ya ndege huyo mfukoni. Aliona fahari.

"Ni jike, Profesa."



Kalamu ikabaki hewani. Profesa akauliza, taratibu, kama Koku ana hakika.

Koku alikunja midomo mbele ya jopo zima, akapiga mluzi wa Karagwe kwa nguvu zake zote, na kizimbani jike akauitikia: fiii-fi-uuu.