Bango la Machozi la Kathirvel

Jumatatu, saa nne asubuhi, Poongodi alikuwa akimvalisha marehemu koti. Lilikuwa koti la buluu na tai nyekundu, lile lile walilovaa wafu wote wa mtaa ule wa Tiruppur, kusini mwa India, kwenye mabango yao, kwa sababu ndani ya kompyuta yake alikuwa nalo moja tu na hakuna marehemu aliyewahi kulalamika. Alilivuta kwa kipanya mpaka kola ikakaa sawa chini ya kidevu. Kidevu kilikuwa cha Kathirvel, mdogo wake, aliyefariki Jumamosi.

Bango liliagizwa na tajiri wa Kathirvel, Ponnusamy, mwenye kiwanda cha kutia vitambaa rangi. Ndiyo desturi ya huko: mtu akifa, mwenye uwezo humtundikia bango kwenye kona. Juu huandikwa "Machozi ya Buriani", katikati hukaa picha ya marehemu, na chini picha ya aliyelipia, ameunganisha viganja kifuani, mara nyingi mkubwa kuliko marehemu mwenyewe. Ponnusamy alimtuma karani wake, Sabapathi, na picha ya tajiri mwenyewe akiwa na miwani ya jua.

"Maneno ya juu yawe ya maji, dada," karani alisema. "Yale yanayometameta, tajiri anayapenda. Na hapa chini andika kwamba moyo wake ulisimama ghafla langoni mwa kiwanda."

"Moyo? Huyu? Alikuwa akipanda ngazi na gunia la chumvi begani huku anaimba."

"Ndivyo alivyoandika daktari. Mimi karani tu, dada yangu, usinipige mimi."

Poongodi alimtazama mpaka akaondoka. Kiwanda kilikuwa kimeirudishia familia nguo za Kathirvel ndani ya mfuko wa nailoni uliopigwa fundo, ambao sasa ulikuwa hapo dukani kwake, na shati lilikuwa likichuruzika maji. Pale langoni, kwenye jua la mwezi wa tano, hata mate ya mtu hukauka kabla hayajafika chini. Mtu hawezi kufia hapo akalowa.

Sasa, kazi ya herufi za maji Poongodi aliifanya kwa namna yake. Wenzake walichukua matone mtandaoni, yale yale kwa kila bango, wavivu wakubwa wale. Yeye alinyunyiza maji ya kweli kwenye kigae cheusi, akayapiga picha kwa simu, akaiingiza picha ndani ya herufi nene, kisha akatia kivuli upande mmoja na mng'ao upande wa pili mpaka mtu akitazama anashikwa na kiu. Lakini siku ile bomba lilikuwa halijatoa maji kwa siku nane na ndoo zote zilikuwa kavu. Maji pekee yaliyokuwamo dukani yalikuwa kwenye shati. Akalikamua juu ya kigae. Matone yalitoka ya zambarau, yananuka dawa. Aliyapiga picha, akalia kidogo, akaendelea na kazi.

Picha ilipoingia ndani ya neno la kwanza, maji yalishuka kwenye kioo cha kompyuta na kudondokea mezani. Poongodi alisogeza waya wa umeme na kikombe cha chai, akaweka kitambaa. Bango lilitoka kwenye mashine limelowa, na halikukauka.

Jumanne lilitundikwa kando ya kibanda cha chai, likaendelea kudondoka. Siku hiyo maji yalikuwa ya zambarau, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kikitia fulana za zambarau. Jumatano yalikuwa ya kijani cha kasuku. Watu wa zamu ya mchana walianza kupitia hapo kwanza, watazame rangi ya leo, wajue wavae nguo gani ya kazi. Mwenye kibanda alisogeza benchi lake hatua mbili na kutega ndoo.

"Chai yako leo ya kijani, au ni macho yangu?" mteja mmoja alimuuliza.

"Kunywa, bwana. Ukifa nitakutundikia bango."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa maji yale ni ya wapi. Nyuma ya kiwanda palikuwa na tangi la maji machafu, na kila mwezi mtu alifungwa kamba kiunoni akateremshwa humo kuzoa tope. Mtaa mzima uliijua harufu yake.

Kitu ambacho hakikujua lolote kilikuwa karatasi. Sabapathi aliileta kwa Maragatham, mjane wa Kathirvel, aliyekuwa akiishi na watoto wake wawili katika chumba cha kiwanda. Ilisema kwamba familia inakubali kuwa moyo ulisimama langoni na haina neno na mtu. Alipaswa kuitia dole gumba siku ya kumi na sita, siku ya kumaliza matanga, la sivyo ahame siku hiyo hiyo. Poongodi alitaka neno moja tu liingie humo: tangi. Likiingia hilo, serikali ingelazimika kulifunga, na asingeteremshwa mtu mwingine. Alilitaka neno hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote maishani mwake.

Alikwenda kituoni, akarudi na polisi. Polisi alilowesha kidole, akanusa, akafungua daftari na kuandika kwamba bango limelowa.

"Andika ni maji ya wapi, afande."

"Mama, maji hayana anwani."

"Unayajua."

"Nayajua sana. Hata kisima cha kwangu siku hizi kinatoa haya haya," polisi alisema, akafunga daftari. "Ila siwezi kulipandisha bango kizimbani likaapa. Nitaulizwa kama nimelewa."

Siku ya kumi na sita maji yalikuwa ya buluu. Ponnusamy alikuja na nguo nyeupe pe, akasimama chini ya picha yake mwenyewe huku dereva akimshikia mwavuli. Alizungumza vizuri sana juu ya moyo, jinsi unavyoweza kumchukua kijana mwenye nguvu bila taarifa, na matone yalikuwa yakigonga mwavuli muda wote. Watu walisikiliza. Alipomaliza alimwita Poongodi.

"Kazi yako safi. Ukiyatazama, utadhani ni maji ya kweli."

"Ni ya kweli, tajiri. Ni ya tangi lako."

"Ndiyo maana kazi zangu nakupa wewe," Ponnusamy alisema, akaangalia saa.

Poongodi alimpa kisogo. Alimvuta Maragatham kando, nyuma ya benchi.

"Usiitie dole. Hameni leo, njooni kwangu."

"Kwako wapi, wifi? Wewe mwenyewe unalala chini ya mashine."

"Tutabanana."

"Na shule je? Na kula? Usininunie, wifi yangu. Mimi ndiye niliyelala na mume wangu, mimi ndiye ninayejua alifia wapi. Lakini nina watoto wawili." Alimshika Poongodi mkono, akauachia.

Maragatham alijua kuandika jina lake, ila karatasi ilikuwa na kisanduku cha dole gumba, na Sabapathi alikuwa mtu wa kufuata karatasi. Alipapasa mfuko wa shati, akapapasa mkoba. Kidau cha wino alikuwa amekisahau ofisini. Hakuhangaika. Alimshika Maragatham kiganja kwa adabu, akakiinua chini ya herufi ya mwisho ya bango, akangoja mpaka dole likalowa vizuri, kisha akalibana kwenye kisanduku. Alama ilitoka safi, kila mstari unaonekana. Aliipuliza ikauke.

Ponnusamy aliisoma karatasi yote, juu mpaka chini, akaikunja na kuitia mfukoni. King'ora cha zamu ya mchana kililia. Wanaume wawili walikunywa chai yao upesi, mmoja akajitwika kamba begani, wakashika njia ya kwenda nyuma ya kiwanda.

Sabapathi alikuwa akitazama vidole vyake mwenyewe. Vilikuwa vimeshika buluu mpaka kwenye kucha.

"Hii inatoka kwa sabuni, mama?"

"Haitoki," alisema Maragatham, aliyekuwa amefua rangi ile kwenye nguo za mumewe miaka kumi na mmoja. "Ngoja ngozi ibadilike."