Simu Iliita Mara Kumi na Moja

Safari hii Fundi alikuja na daftari. Mama Keki alipoliona likichomoka mfukoni, kando ya ile bisibisi ya kutengenezea lifti ambayo mumewe haiachi hata akienda msibani, damu ilimchemka kabla hajakaa. Ilikuwa mara yao ya sita kwa Mshauri wa ndoa, katika kile chumba cha viti vitatu, feni yenye kelele na choo hatua nne tu kutoka pale mtu anapolilia. Mara tano zote walitoka kama walivyoingia: mke koo limekauka kwa kufoka, mume ameinamisha kichwa.

"Nimeandika ili nisisahau," Fundi alisema, akafungua ukurasa. "Namba ya simu nimebadilisha. Nywila zote anazo. Lile jengo nimeomba nitolewe, siku hizi anakwenda mwenzangu. Jumapili nashinda nyumbani. Na..."

"Ebo! Mimi lifti? Unanisomea ripoti ya matengenezo?"

"Sasa mke wangu, si ulisema nionyeshe vitendo?"

"Vitendo! Mwanaume huna hata mshipa wa aibu!"

Mshauri aliinua mkono. Alikuwa mwanamama mtu mzima, mwenye sauti ya upole ambayo Mama Keki aliichukia tangu siku ya kwanza, maana yeye alikuwa hataki upole, alikuwa anataka mtu wa kusaidiana naye kugombana.

"Mmeliona duara lenu?" Mshauri aliuliza. "Dada anapaza sauti ili asikike. Kaka akisikia ukali anakimbilia kutengeneza. Akishatengeneza, dada anaona bado hajasikika, anapaza zaidi. Adui wenu ni hilo duara."

Kweli tupu, na ndiyo maana ilimuudhi. Duara halikulala na mwanamke wa ghorofa ya tisa. Aliyelala naye ni huyu hapa, mwenye daftari.

Na jinsi alivyojua! Mtu mwingine hukuta ujumbe kwenye simu, au huambiwa na shoga yake. Yeye aliletewa oda. Mwanamke mmoja alipiga simu dukani kwake, sauti ya kubembeleza, anataka keki ya chokoleti ya kilo mbili, juu iandikwe: Hongera Fundi wangu wa lifti. Ipelekwe jengo fulani, ghorofa ya tisa. Siku yenyewe ndiyo siku aliyozaliwa mumewe, na jengo lenyewe ndilo analolihudumia kila wiki. Maskini, yule mwanamke hakujua anaongea na nani. Mama Keki aliandika oda, akapika, akaandika yale maneno kwa krimu nyeupe, kisha keki hakuipeleka ghorofa ya tisa. Aliipeleka nyumbani, akaiweka mezani mbele ya sahani ya mumewe, akamwambia, "Kata."

Fundi alikiri palepale. Alikiri ilipoanza, ilipoishia, mara ngapi, wapi. Miezi saba sasa alikuwa anakiri kila anachoulizwa. Isipokuwa kitu kimoja, na Mama Keki alikuwa hakiulizi makusudi. Alitaka akiseme mwenyewe.

Kwa hicho kimoja, begi lake la nguo lilikuwa limetangulia kwa dada yake tangu asubuhi. Alimwambia dada waziwazi: leo nitaifungua ile siku. Akisema ukweli, sijui nitafanya nini. Akirudia ule uongo, nakuja kwako, na safari hii sirudi.

"Leo tuachane na daftari," Mshauri alisema. "Geuzeni viti mtazamane. Dada yangu, kuna siku moja unaizungukazunguka kila ukija hapa. Unaikaribia, halafu unakimbilia kumtukana mwenzio. Ni siku gani?"

Wakageuza viti. Magoti yao yalikaribia kugusana. Mama Keki akavuta pumzi.

"Siku niliyopasuliwa," alisema.

Fundi akashtuka. Hakuitegemea hiyo.

"Saa saba na nusu mchana niko jikoni, nafunga keki ya mahafali. Tumbo likanikata, nikaanguka kati ya oveni na meza. Hospitali wakaniambia ni mimba, imetunga kwenye mrija wa uzazi, na mrija umepasuka. Miaka minne tunaitafuta hiyo mimba, halafu naambiwa ninayo na naambiwa imekwenda, ndani ya dakika hiyohiyo. Damu inamwagikia tumboni, wanataka kunipeleka chumba cha upasuaji. Mimi nikashika simu, nikakupigia."

"Ulihisi nini wakati unapiga?" Mshauri aliuliza taratibu.

Kwa kawaida swali hilo lingemfanya apandishe mori. Leo lilimpata pabaya. "Niliogopa," alisema, na sauti ikamsaliti. "Nilijua nakufa. Sikutaka daktari. Nilimtaka huyu. Nilitaka aniambie yupo. Basi. Hata asipofika, aniambie tu yupo."

Maana ndivyo alivyompata. Miaka tisa nyuma alikwama kwenye lifti na keki ya watu mikononi, giza totoro, pumzi zimempaa. Nje ya mlango ikaja sauti ya mwanaume asiyemjua: "Dada, mimi ni fundi. Niko hapa, na siondoki mpaka utoke." Saa nzima na nusu alikuwa anauliza, "Kaka, bado upo?" na sauti inajibu, "Nipo." Baadaye Fundi alimweleza kwamba ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yao: kabla hujagusa mashine, ongea na aliye ndani, na ukishamwambia upo, huondoki. Mashine unamwachia mwenzako. Mlango ulipofunguliwa krimu yote ilikuwa imeyeyuka na yeye tayari ameshapenda.

"Nikakupigia mara kumi na moja," alisema sasa, akimkazia macho. "Ulikuwa wapi?"

Sema, alimwomba moyoni. Sema, mwanaume wewe, begi langu liko kwa dada.

"Mke wangu," Fundi alisema, macho kwenye viatu, "nilishakwambia. Nilikuwa ndani ya shimo la lifti. Kule chini hakuna mtandao."

Mama Keki alisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka chali.

"Muongo! Muongo mkubwa wewe! Simu isiyo na mtandao haiiti! Unaambiwa palepale namba haipatikani! Yako iliita! Iliita mpaka ikakatika, mara kumi na moja, nikiihesabu, damu inanitoka! Ukaja jioni na zabibu zako na hadithi ya shimo, nami nikakuonea huruma! Nimelala na kidonda tumboni nakupa pole wewe!"

Akatafuta mlango wa kutokea. Machozi yalimziba macho, na mlango alioushika haukuwa wa nje. Ulikuwa wa choo. Akaingia hivyohivyo, akajifungia, akakaa juu ya mfuniko. Bora choo kuliko ile sura.

Nje akasikia kiti kinainuliwa, hatua, halafu chuma kinakwaruza kwenye kitasa. Hakuamini masikio yake. Bisibisi!

"Kitasa hiki kina skrubu mbili tu," Fundi alikuwa anamwambia Mshauri, anahema. "Dakika moja namtoa."

"Wee!" Mama Keki aliupiga mlango teke. "Thubutu! Hivi kwako kila kitu ni skrubu? Watu baki wakikwama unawakalia mlangoni, unawabembeleza, nipo, siondoki! Watu usiowajua hata kwa sura! Mimi mkeo nilikwama nakufa, ukaniachia simu inaita! Walistahili nini wale ambacho mimi sikustahili?"

Bisibisi ikanyamaza.

"Kaka," sauti ya Mshauri ilisema, "usifungue. Hebu kaa na hilo swali."

Simu ya Mama Keki ikatetemeka mkononi. Dada: Kitanda nimeshatandika. Uko njiani? Akaanza kuandika jibu, na hapo akasikia kitu kinaburuzika kwenye mlango kwa nje, kutoka juu kwenda chini, na funguo zikigonga sakafu. Mumewe alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ubao.

"Niko hapa," Fundi alisema. Sauti ilitokea chini kabisa, karibu na uwazi wa mlango. "Sikuwa kwenye shimo."

Mama Keki akaacha kuandika.

"Nilikuwa kwake. Simu ilikuwa mezani. Iliita, nikaona jina lako."

"Mara ngapi?"

"Zote."

"Zote kumi na moja uliziona?"

"Ya kwanza niliiona, nikailaza kifudifudi. Zilizobaki nilikuwa naisikia inatetemeka juu ya meza. Nilidhani umeshajua, unapiga ili kunifumania. Nikaogopa. Nilijiogopea mwenyewe, nikakuacha. Nilipofika hospitali na kukuona vile, nikajua kwamba nikisema sitakuwa na mke. Ndiyo nikatunga shimo. Na ule uongo uliukubali haraka, ukanipa pole. Pole yako ile, kila nikiingia kwenye lifti naisikia."

Alijua. Miezi yote alikuwa anajua, na bado lilimchoma kama jambo jipya. Kifudifudi! Alimwona anavyoigeuza kwa vidole viwili, taratibu, isipige kelele. Akaupiga mlango kwa kiganja, akaupiga tena, akaupiga mpaka mkono ukafa ganzi, akamtukana matusi ambayo hakujua anayajua, yeye anayeandika hongera za maharusi kila wiki. Kila akipiga, ubao ulimgonga Fundi mgongoni. Hakusogea.

"Ondoka!" alipiga kelele. "Nenda zako! Nenda ghorofa ya tisa!"

"Siondoki."

"Nimesema ondoka!"

"Nimekusikia. Siondoki. Usifungue kama hutaki."

Hakumwomba msamaha. Hakutaja namba ya simu wala Jumapili. Alikuwa analia, hilo lilisikika, kilio kibaya cha mtu asiyezoea, na kwa mara ya kwanza kilio hicho hakikumtaka yeye ambembeleze. Mama Keki alikaa akihema. Hasira ilikuwa palepale, haikupungua hata chembe. Ila ilikuwa imepata mtu wa kuipokea.

Alifuta alichoanza kumwandikia dada, akaandika: Bado. Tunagombana.

Kisha akashuka kwenye ule mfuniko, akakaa sakafuni, mgongo wake kwenye mlango upande wa ndani.

"Kuna fomu," alisema.

"Fomu gani?"

"Nyamaza nikwambie. Kabla ya kupasuliwa kuna fomu, ndugu wa karibu anatia sahihi. Nesi kasimama na kalamu, ananiuliza, mumeo yuko wapi, nami nasema anakuja, ngojeni kidogo anakuja. Wakasema hakuna muda. Pembeni alikuwepo yule mwanamke aliyekuja kuchukua keki ya mahafali. Ndiye aliyenibeba na gari lake, kiti cha nyuma kimepata damu yangu. Jina lake hata silijui vizuri. Akachukua kalamu akatia sahihi. Nesi akauliza, huyu ni nani wako? Ikabidi nijibu." Akaegemeza kichwa mlangoni. "Nikasema, mteja. Wakaandika hivyohivyo. Ndugu wa karibu: mteja."

Hakuna aliyekuwa amewahi kulisikia hilo, si dada, si Mshauri. Alisubiri jibu.

"Bado upo?"

"Nipo." Halikuwa neno, lilikuwa kilio chenye umbo la neno.

"Basi kaa hapohapo," Mama Keki alisema, mkono ukiwa juu ya kitasa bila kukigeuza. "Sijamaliza na wewe."