Bonde Linapenda Maji

Huko Bondeni kila mkubwa alikuwa na kipande chake. Ngiri alitawala matope, Nyani mikuyu ya kando ya mto, Kasuku matawi ya juu, na Mama Digidigi alikuwa na kichaka chenye chemchemi moja ya maji matamu. Mmoja mmoja hawakuweza hata kumfanya Tembo ageuze sikio. Basi wakaungana, wakamwendea Tembo, mwenyekiti wa Baraza Kuu la Nyika, wakamwambia, "Mtukufu, kuanzia leo Bonde litasema kwa mdomo mmoja. Ukisikia wa pili, usiusikilize."

Tembo alikubali upesi. Alikuwa amechoka kusikiliza.

Wenyewe kwa wenyewe waliwekeana sharti kwamba neno la Bonde limridhishe kila mmoja, na lisilomridhisha mmoja litolewe. Siku hiyo walicheza ngoma mpaka vumbi likawafunika, na Digidigi alicheza kuliko wote, kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote.

Halafu Mamba akapanda kutoka mtoni, akajilaza ndani ya chemchemi ya Digidigi. Hakumtukana mtu. Alilala tu. Watoto wa kichakani walikwenda kunywa kama kawaida yao, wengine hawakurudi, na mama zao wakabaki kuramba umande kwenye majani.

Baraza Kuu lilikuwa linakaribia. Digidigi akaenda kwa wenzake na neno lake moyoni: Mamba ameiba chemchemi ya Digidigi, ameua watoto wake, aondoke.

"Pole sana, mama," alisema Nyani, ambaye zamu ya uenyekiti wa Bonde ilikuwa yake. "Limetuuma sote. Sasa tulipitie taratibu."

Ngiri akakohoa. "Mimi sina shida, dada. Ila hapo penye 'ameiba' ni pakali. Yule ni jirani yangu, ananiachia nigaegae ukingoni kwake. Tuseme 'yumo'."

"Na hapo penye 'Mamba'," Nyani akadakia.

"Pana nini hapo?"

"Pana jina, mama. Mimi navuka mto kila siku kufuata kuyu za ng'ambo. Jina la mtu halitajwi hadharani hivi hivi."

"Nikimtoa Mamba, nani yumo?"

"Wenye akili wataelewa."

Kasuku, msemaji wao, akasema sauti yake haikuumbwa kwa mambo ya msiba, kwa hiyo watoto wakatolewa. Ngiri akaingilia tena. "Hii 'chemchemi ya Digidigi', dada, usinielewe vibaya. Mpaka wa kile kichaka tuliupima lini?"

Chemchemi nayo ikatoka. "Aondoke" haikuwa na mtu wa kumwondoa, ikatolewa bila hata mjadala. Yalipobaki maji peke yake, Nyani akasema yawekewe kitu cha kupendeza.

"Bonde linapenda maji," Kasuku akajaribu, akalirudia kwa madaha.

"Hilo haliniridhishi mimi," alisema Digidigi. "Sharti linasema litolewe."

"Ukilitoa, Bonde halina neno, na zamu yetu inapita," alijibu Nyani kwa upole. "Unataka tuonekane mabubu kwa ajili yako?"

Digidigi alifikiri kwamba mdomo wenye neno dogo ni afadhali kuliko mdomo mtupu. Akainamisha kichwa. Wakamshukuru kwa ukomavu wake.

Siku ya Baraza Mamba naye alikuja, tope la chemchemi halijamkauka mgongoni. Kasuku alisema neno la Bonde vizuri sana, nyika nzima ikashangilia, na Mamba akapigapiga mkia.

"Mimi pia nayapenda maji," alisema. "Naunga mkono."

Digidigi akajikuta amesimama. "Mtukufu Tembo, chemchemi ni yangu, na aliyemo ni huyu. Amekula watoto wetu."

Tembo akamgeukia Nyani. "Mdomo huu ni wa Bonde?"

Nyani alikuwa anatafuta chawa mkononi mwake. "Wa Bonde umeshasema, Mtukufu."

"Basi sijasikia kitu," alisema Tembo.

Digidigi alirudi nyumbani. Kina mama walikuwa wamejipanga njiani, midomo imewapasuka kwa kiu. Aliyefiwa kwanza ndiye aliyeuliza.

"Mama, mwanangu walimtaja?"

"Hapana."

"Nani alikataza?"

Angeweza kumtaja Kasuku, wangemwamini. "Tulikubaliana," alisema.

"Na wewe?"

"Na mimi."

Yule mama akampa kisogo. Aliwageukia wenzake, akawaambia wachukue watoto waliobaki, na msafara ukaanza kuelekea vilima vya mbali ambako hakuna aliyejua kama kuna maji.

"Mnakwenda wapi?" Digidigi akawafuata. "Nitasema tena msimu ujao. Kiti changu bado kipo."

"Kikalie," alisema yule mama, bila kugeuka.

Wakaishia nyuma ya miiba. Kichaka kikawa kimya, na mkubwa wake akabaki peke yake, ulimi umemkauka. Kutoka chemchemini Mamba akamwita, kwa adabu zote za barazani.

"Mheshimiwa, naona una kiu. Sogea."

Alikuwa na kiu kweli.