Mtoto wa Kwenye Fomu

Hili mkilisikia mtasema chumvi imezidi. Mtu mzima, mwenye akili zake, anawezaje kukaa nyuma ya usukani akamsikiliza mwanaume mwingine anamfundisha binti yake wa kumzaa jinsi ya kutomwita baba? Haliingii akilini. Lakini lilitokea, Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi, gari likiwa limesimama kwenye taa nyekundu.

"Chumba chako kiko wapi?" Mkurugenzi, bosi wa dereva, aliuliza kutoka kiti cha nyuma.

"Ghorofani. Mlango wa pili kushoto."

"Mapazia?"

"Ya bluu."

"Bluu gani?"

Binti angejuaje? Hajawahi kuyaona. Hata baba yake, aliyeliosha gari nyumbani kwa Mkurugenzi kila asubuhi kwa miaka kumi na moja, mwisho wake ulikuwa mlango wa jikoni. Ngazi za kwenda juu alizijua kwa sauti tu, watoto wakishuka mbio kwenda shule.

"Bluu iliyokolea," Mkurugenzi alimsaidia. "Rudia."

"Bluu iliyokolea."

"Safi. Una kichwa chepesi wewe."

Dereva alimtazama binti yake kwenye kioo. Wenzake kijiweni walimwita Breki, maana akiona tuta liko mita hamsini mbele, yeye tayari mguu uko chini. "Huyu hata kivuli cha kuku anakipisha," walimtania. Hakuwahi kugonga hata taa ya pembeni. Leo mguu wenyewe ulikuwa unamcheza, na jasho la viganja lilikuwa limeufanya usukani uteleze kama umepakwa sabuni.

Binti alitaka kukaa mbele, pembeni yake. Mkurugenzi alimgusa bega. "Mtoto wa nyumbani hakai mbele na dereva." Basi akakaa nyuma, ndani ya gauni la binti wa Mkurugenzi, na viatu vya binti huyo huyo, vikubwa kwa namba moja na nusu. Mama yake alikuwa amevijaza karatasi kwa mbele. Aliichana bahasha ya Bodi ya Mikopo vipande viwili, akavisokomeza, kimoja kila kiatu.

Sasa ngoja mjue ilikoanzia.

Serikali ilikuwa imeweka utaratibu: mzazi au mlezi akiweka pesa benki kwa ajili ya chuo cha mtoto anayeishi kwake, pesa hiyo haikatwi kodi. Ila kuna kiwango kwa kila mtoto. Mkurugenzi na mkewe, Madam, walikuwa na watoto wawili, na viwango vya wote wawili vilikuwa vimejaa mpaka mdomoni, na mishahara bado inafurika. Walihitaji mtoto wa tatu. Madam alishasema kiwanda kimefungwa.

Kodi ya Breki yenyewe haikuwa na utaratibu. Ilikatwa kabla mshahara haujaota miguu. Cha kuweka akiba kingetoka wapi?

Miaka miwili nyuma, Madam alitoka mpaka gereji na fomu mkononi. "Lete cheti cha kuzaliwa cha binti yako," alisema. "Tunataka kumshika mkono. Mtoto wako ni mtoto wetu."

Breki akalichukua hilo kama kila mtu anavyolichukua. Kwenye fomu palikuwa na sehemu ya mzazi na sehemu ya mlezi, na jina la Mkurugenzi lilishaandikwa kwenye mlezi. Mlezi anamjua! Timu ya mpira ya mtaani ina mlezi, mwenye duka la saruji, anawanunulia jezi kila mwaka na kupiga nao picha. Kwaya ina mlezi. Hata chama cha madereva kina mlezi. Mlezi ni mwenye nacho aliyeamua kukutupia jicho. Maandishi mengine yalikuwa madogo kama sisimizi. Breki aliipokea kalamu kwa mikono miwili, kwa adabu, akasaini, na jioni kijiweni akatamba, "Binti yangu kapata mlezi."

"Ushatoka, mzee!" wakamwambia. "Utusahau tu."

Alipofaulu na kuitwa chuo cha ufamasia, binti aliomba mkopo wa serikali. Jibu likaja wiki iliyopita: hastahili. Ana akiba ya elimu, na anaishi na mlezi mwenye uwezo.

"Umesaini nini, baba watoto?" mkewe aliuliza.

"Msaada."

"Msaada gani una mhuri?"

Binti hakungoja mzozo uishe. Alikwenda Bodi, akaambiwa dirishani alete barua ya ofisi ya kodi kuonyesha kwamba akiba ile si yake wala mlezi si wake. Mwisho Ijumaa, ikipita Ijumaa nafasi anapewa mwingine. Akaenda ofisi ya kodi kwa miguu yake, na moyo mweupe, akauliza, "Samahani, hivi hii akiba yangu ni ipi?"

Ndivyo nyuki walivyochokozwa. Kesho yake wito ukatoka: mlezi, mzazi na mtoto, wote, Jumatano saa nne.

Mkurugenzi hakufoka. Hilo ndilo lililomtisha Breki. Alimwita barazani akamvutia kiti. Miaka kumi na moja, na siku hiyo ndiyo kwanza Breki anaambiwa kaa.

"Soma hapa."

Breki akasoma kwa kidole. Nathibitisha kuwa mtoto huyu anaishi kwa mlezi wake na mimi simgharamii.

"Saini ya nani hiyo?"

"Yangu, bosi."

"Mimi niliamini karatasi ya mzazi. Kama karatasi ni ya uongo, hapa mwongo ni nani?"

Breki akatazama viatu vyake.

"Mimi nina wakili," Mkurugenzi akasema taratibu, kama anayembembeleza mgonjwa. "Wewe una nani? Basi tusipigizane kelele. Nenda kaseme ulinikabidhi mtoto. Karo ya mwaka wa kwanza natoa mimi."

"Na wa pili, bosi?"

"Wa pili tutaongea. Mungu si Athumani."

Na sasa walikuwa kwenye taa nyekundu.

"Lakini, Mkurugenzi..." binti alianza.

"Baba," akamrekebisha. "Leo mimi ni baba."

Binti akaanza upya. "Lakini... hizo pesa si ziko kwa jina langu? Kwa nini zisilipe chuo chenyewe?"

Mkurugenzi akacheka, kicheko cha mtu asiye na hasira hata chembe. "Ziko kwa jina lako. Hazijawa zako. Kijana wangu anaenda kusoma ng'ambo, zitahamia kwake. Sheria inaruhusu kuhamisha kwa ndugu. Si nyie ndugu?"

Binti akaelekeza kidevu kwenye kisogo cha baba yake. "Na huyu nimwite nani?"

"Watakuwa wanajua ni mzazi wako. Ila wewe mwite kama wanangu wanavyomwita, waone umezoea. Anko dereva."

Binti akatazama nje dirishani.

"Hebu jaribu."

"Anko dereva," binti akasema.

Taa ikawa kijani. Breki hakuiona. Magari ya nyuma yakaanza kumpigia honi, moja, mbili, halafu yote kwa pamoja, na mtu mmoja akatoa kichwa dirishani: "We mzee, umekufa au umelala?"

Ofisi ya kodi ilikuwa imejaa. Watu wamekaa kwenye mabenchi na vikaratasi vya namba mkononi, wengine wamesimama wameegemea ukuta uliochakaa kwa migongo. Mkurugenzi hakuchukua namba. Mlango wa ndani ulifunguliwa kabla hajaufikia.

Ofisa alikuwa mama wa makamo, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa uzi. Alisimama kumpokea. "Karibu, Mkurugenzi, karibu sana. Pole kwa usumbufu." Viti vilikuwa viwili. Mkurugenzi akakaa kimoja, akakipigapiga kwa kiganja kile kingine: "Kaa, mwanangu." Breki akabaki amesimama kando ya kabati la mafaili, kofia mkononi, akihesabu droo. Nne. Akazihesabu tena.

"Binti," ofisa akaanza, "unaishi wapi?"

"Nyumbani kwa baba, kule juu kwenye nyumba za mageti. Chumba changu kiko ghorofani, mlango wa pili kushoto, mapazia ya bluu iliyokolea."

Kalamu ya ofisa ikasimama. Akainua macho juu ya miwani.

"Sijakuuliza mapazia."

Mkurugenzi akatabasamu. "Anayapenda sana. Alichagua mwenyewe."

Ofisa hakutabasamu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena. "Sawa. Ukiumwa usiku, nani anakaa na wewe?"

"Ba..." Binti akafunga mdomo. Akafungua tena. "Anko."

"Anko yupi?"

Binti hakugeuka kutazama kabatini, aliposimama baba yake. Aliikaza shingo yake isigeuke hata mshipa ukamtoka, na Breki akauona mshipa ule. Ni ule ule uliokuwa unamtoka akiwa na miaka sita, homa imempanda, na yeye kambeba mgongoni mpaka zahanati, mkewe nyuma na taa.

"Mzee," ofisa akasema, "hebu sogea."

Akasogea.

"Nakueleza kwa Kiswahili chepesi, usije ukasema hukuelezwa. Nikiandika huyu ni mtoto wa Mkurugenzi, faili linafungwa leo hii. Ila mkopo hapati. Mwaka huu hapati, mwakani hapati. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Nikiandika ni wako, namwandikia barua ya Bodi sasa hivi, saa sita anakuwa nayo mkononi." Akaigeuza fomu ya zamani imtazame Breki, akaweka kidole juu ya saini. "Na wewe nakuandikia ya kwako. Hii ni kauli ya uongo kwa serikali. Barua yako inakwenda polisi."

"Na yeye?" Breki aliuliza. Hakuamini kwamba sauti ile ni yake. Ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Yeye alidanganywa na mzazi. Atalipa tofauti ya kodi, yaishe."

"Mimi nilidhani mlezi ni... kama wa timu. Wa mpira."

Mkurugenzi alikohoa, akaitazama simu yake. Nje, mtu aliitwa namba yake, akaitika kwa nguvu kama yuko shule.

"Mzee wangu," ofisa akasema, na sauti ilikuwa imeshuka, "mimi sheria situngi. Mimi mwenyewe ninakatwa kama wewe. Binti yangu yuko nyumbani mwaka wa pili huu, hana mkopo. Mimi naandika tu jibu ninalopewa."

"Breki," Mkurugenzi akasema kwa upole, macho bado kwenye simu, "nina kikao saa tano."

Ofisa akachukua fomu mpya. Akaandika tarehe. Akashuka mpaka kwenye mstari mmoja mtupu katikati ya karatasi, kalamu akaisimamisha pale.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

Binti alikuwa ametoa kisigino kimoja nje ya kiatu bila kujijua, na kipande cha bahasha ya Bodi kilikuwa kimeteleza kutoka mbele na kuchungulia, kimelowa jasho, mhuri unasomeka nusu. Alikuwa anatazama kalamu. Mkurugenzi alikuwa anatazama saa. Breki alikuwa amefungua mdomo, na mguu wake wa kulia ulikuwa unaikandamiza sakafu kwa nguvu zote, unaikandamiza, kama vile pale chini pana breki.

Haya, niambie wewe unayesoma. Umesimama hapo kando ya kabati, kofia mkononi, kalamu inakungoja. Ungesema wa nani?